Nyumba Kwanza, Buibui Baadaye: Shajara ya Chumba cha Tarantula

Septemba 2025, wiki ya kwanza

Rafu ya sebuleni imejaa. Tarantula wamefika kumi na saba, na tisa kati yao bado ni vitoto vinavyokaa kwenye vikopo. Vikijivua gamba mara mbili tatu vitadai maboksi makubwa. Kuanzia wiki hii chumba kidogo cha nyuma, kilichokuwa stoo, kinageuzwa kuwa chumba chao. Mwenye nyumba amenipa ruhusa kwa maandishi. Hapa Uingereza tarantula hawamo kwenye orodha ya sheria ya wanyama hatari wa porini ya mwaka 1976, kwa hiyo leseni haidaiwi, lakini mkataba wa upangaji ni habari nyingine. Barua nimeiweka kwenye faili pamoja na risiti za buibui wote.

Sharti la mradi ni moja: hakuna buibui mpya atakayeingia humu kabla nyumba yake haijakamilika na kukaa wiki nzima ikiwa tupu, joto na unyevu vikipimwa. Ufugaji huu hukua haraka mno. Kitoto cha sentimita moja huuzwa kwa bei ya chakula cha mchana, muuzaji anacho kwenye trei pamoja na wenzake wengi, na si ajabu mtu kwenda kununua mmoja akarudi na kumi. Lakini jike wa Brachypelma hamorii, yule wa Meksiko mwenye magoti ya rangi ya chungwa, huishi miaka 20 na zaidi. Mpwa wangu yuko chekechea. Wangu akijaliwa, mpwa atamaliza chuo naye yupo. Anayenunua kitoto ananunua miaka yote hiyo, na kila mwaka unataka rafu, boksi na udongo.

Septemba, katikati ya mwezi

Kabla ya kupima mbao nimekaa na daftari kuandika nani anahitaji nini, maana chumba hiki kitapangwa kwa tabia za wanyama, si kwa urembo.

Wa ardhini kutoka Amerika ni wanne: hamorii wawili, Grammostola pulchra mmoja, mweusi tii, ambaye kwao ni Brazili na Uruguay, na Tliltocatl albopilosus wa Amerika ya Kati mwenye nywele zilizojikunja, ambaye hadi 2020 alihesabiwa kuwa Brachypelma. Hawa ni wapole, hawana haraka, na silaha yao ya kwanza iko tumboni. Wakikereka hupangusa tumbo kwa miguu ya nyuma na kurusha manyoya yanayowasha kama upupu. Yakiingia jichoni ni safari ya hospitali. Miwani na glavu vitatundikwa mlangoni kwa ndani, mahali ambapo mkono unavigusa kabla haujagusa boksi lolote.

Wa mtini ni vitoto vinne vya Caribena versicolor kutoka kisiwa cha Martinique. Kwa sasa ni vya buluu mwili mzima. Wakikua wanageuka, mgongo ukawa wa kijani na tumbo likawa jekundu la zambarau. Sijaona mnyama mwingine anayebadilika rangi hivi hatua kwa hatua, gamba hadi gamba, na ndiyo sababu nimepiga picha kila wanapojivua. Poecilotheria regalis wawili wa India nao ni wa mtini, ila hao ni jambo jingine kabisa: wana kasi, na sumu yao ni ya kuheshimiwa.

Halafu kuna kundi la Monocentropus balfouri, vitoto vitano ndani ya boksi moja. Asili yao ni Sokotra, kisiwa cha Yemen karibu na Pembe ya Afrika, na ni miongoni mwa tarantula wachache wanaovumiliana kuishi pamoja. Tarantula wengine ukiwaweka wawili pamoja, asubuhi utamkuta mmoja. Hawa huvuta mzoga mmoja na kuula kwa pamoja. Jina lao linatokana na Balfour, mtaalamu wa mimea aliyekwenda Sokotra mwaka 1880, na aliyewaandika kisayansi ni Pocock wa jumba la makumbusho la London, mwaka 1897.

Mwaka huohuo Pocock alimwandika pia wa kwetu, Pterinochilus murinus. Ninaye jike mmoja. Spishi hii imeenea katika sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Afrika na ina rangi kadhaa, lakini inayopendwa na wafugaji duniani ni ile ya chungwa kali, na biashara inaiita kwa jina la mahali: Usambara. Mimi ni mtu wa Korogwe. Milima ile niliiona kila siku nikienda shule, na sikujua kwamba huko Ulaya kuna watu wanaolitamka jina lake wakimaanisha buibui. Ninaye pia binamu yake, Pterinochilus chordatus, wa Kenya na Tanzania, mwenye rangi ya vumbi na tabia hiyohiyo ya kutokubali mzaha.

Oktoba, wiki ya kwanza

Rafu zimesimama. Nilitaka mbao nyepesi, lakini jirani yangu alizikataa. Ni mzee aliyezaliwa Jinja, akaja hapa Leicester mwaka 1972 pamoja na Wahindi waliofukuzwa Uganda, na useremala alijifunza kwa baba yake. Alipoingia nikamwamkia, akaitikia, kisha akakandamiza ubao kwa kiganja. "Mwanangu, huu utapinda kabla ya Krismasi. Weka mguu wa kati."

Tukapiga hesabu. Boksi la sentimita 30 kwa 30 lenye udongo wa kina cha sentimita 15, ukiwa na unyevu, linakaribia kilo kumi. Rafu ya maboksi matano ni gunia dogo la mahindi. Mguu wa kati umewekwa, na fremu imefungwa ukutani kwa skrubu ili isianguke mtu akiiegemea.

Chini ya kila mguu tumeweka vipande vya mpira. Ukuta wa upande wa pili una mashine ya kufulia, na tarantula huishi kwa mtetemo kuliko kwa macho. Ana macho manane yasiyoona mbali. Dunia yake anaisoma kwa nywele za miguu. Mashine ikizunguka kwa kasi, murinus alikuwa akirudi shimoni na kukaa humo hadi usiku. Mzee alisimama muda mrefu akimtazama hamorii mkubwa, akaniuliza kama anamjua bwana wake. Nikamwambia hanijui, na hanihitaji anijue. Anahitaji nisimsumbue.

Oktoba, wiki ya tatu

Joto. Nyumba za hapa zinapoa haraka mwezi huu, na swali ambalo kila anayeanza ufugaji huuliza ni kama anunue mkeka wa umeme wa kuweka chini ya boksi. Jibu langu ni hapana, na sababu iko kwenye tabia ya mnyama. Porini, jua likizidi, buibui wa ardhini hushuka shimoni kutafuta ubaridi. Mkeka ukiwa chini, anayekimbia joto anachimba kulifuata. Udongo wa chini nao unakauka, na yeye anakaa hapohapo akipoteza maji kwa sababu silika inamwambia chini ndiko salama.

Ninapasha chumba kizima badala ya boksi mojamoja. Hita ndogo ya mafuta inaongozwa na thamostati iliyotundikwa katikati ya ukuta, mbali na hita yenyewe na mbali na dirisha. Nimeiweka kwenye nyuzi 24. Vipimajoto vinne vimeonyesha kwamba rafu ya juu ni 26 na ya chini kabisa ni 21, na tofauti hiyo nimeifurahia kwa sababu imenipangia wakazi. Pulchra na albopilosus wamekaa chini, ambako ubaridi kidogo hauwadhuru. Hamorii wako katikati. Waafrika, wa Sokotra na vitoto wako juu, maana joto likiwa zuri vitoto hula zaidi na kukua haraka.

Dirisha nimelifunika kwa karatasi nyeupe. Hawahitaji taa, na jua la moja kwa moja likipiga boksi la plastiki dakika chache tu linaweza kumpika aliyemo.

Oktoba, mwisho wa mwezi

Maboksi. Hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyonichukua jioni nyingi.

Kwa buibui wa ardhini kanuni ninayoifuata ni sakafu yenye upana wa mara tatu ya kipimo cha mnyama, kuanzia ncha ya mguu wa mbele hadi ya mguu wa nyuma, na nafasi kati ya udongo na kifuniko isiyozidi mara moja na nusu ya kipimo hicho. Watu wengi wananunua tangi refu la samaki wakidhani wanamfanyia ihsani. Tumbo la tarantula halina mfupa, ni ngozi laini iliyojaa majimaji. Akipanda kioo na kuanguka kutoka sentimita 30 juu ya jiwe, tumbo linapasuka, na mara nyingi hapo ndipo mwisho wake. Tangi likiwa refu, lijazwe udongo hadi nafasi ya juu ibaki fupi.

Kifuniko cha wavu wa chuma nacho nimekikataa. Kila mguu una kucha mbili ndogo. Zinanasa kwenye matundu ya wavu, na buibui anabaki ananing'inia hadi mguu unakatika. Mguu huota tena akijivua gamba, ila maumivu hayo hayana sababu. Natoboa matundu kwenye plastiki yenyewe kwa chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya moshi, kisha nasugua kingo kwa msasa laini. Tundu liwe dogo kuliko upana wa kichwa chake, kwa sababu kichwa kikipita, tumbo litafuata.

Mpangilio wa matundu ni muhimu kuliko idadi. Safu moja chini upande wa kushoto, nyingine juu upande wa kulia, hewa ipite ikivuka boksi. Kwa versicolor hili ni suala la uhai na kifo. Ushauri wa zamani ulikuwa kuwaweka kwenye unyevu mwingi kwa kuwa wanatoka kisiwa cha mvua, na vitoto vingi duniani vimekufa kwenye vikopo vilivyofungwa vikitona maji. Martinique ina mvua, ndiyo, lakini ina upepo wa bahari pia. Nyumba zao mpya zimesimama wima, zina kipande cha gome la mti, ua la plastiki la kufungia utando, kijisahani cha maji, na matundu pande tatu. Udongo wa chini nanyunyizia kona moja tu, na unakauka kabla sijarudia.

Maji ni kijisahani kwa kila mmoja, hata vitoto, ambavyo vyao ni kizibo cha chupa. Hakuna sifongo. Watu waliwahi kuweka sifongo kwenye sahani wakiamini buibui atazama. Kazi yake ni kuozesha maji na kulea vijidudu tu. Tarantula huinama akanywa mwenyewe.

Novemba, wiki ya kwanza

Udongo umechanganywa. Msingi wake ni makumbi ya nazi yaliyosagwa na kushindiliwa kama tofali. Unaliloweka kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, linavimba hadi kujaza ndoo. Kwetu Tanga makumbi ni ya kuwashia moto na ya kusokotea kamba, hapa yanauzwa dukani kwa uzito. Peke yake ni mepesi na shimo huporomoka, kwa hiyo natia nusu kwa nusu na udongo wa kawaida wa bustani usio na mbolea wala dawa yoyote. Neno "usio na dawa" ninalisoma kwenye mfuko hata kama ni mfuko uleule nilionunua mara iliyopita. Dawa ya kuua wadudu haibagui, na buibui aliyelishwa sumu huanza kutetemeka miguu na hakuna tiba.

Kipimo cha unyevu ni ngumi. Udongo ukishikamana bila kutoa tone, unafaa kwa wengi. Kwa murinus na chordatus nauacha ukauke kabisa, kona ya sahani tu ikiwa imelowa.

Kwenye maboksi yenye unyevu nimeachia kolembola, wadudu weupe wadogo wasiozidi milimita mbili. Wanakula ukungu na mabaki, hawamgusi mwenyeji, na tangu waingie sijaona ukungu mweupe kwenye boksi la balfouri.

Novemba, wiki ya pili

Siku ya kumhamisha murinus. Nimeiandalia wiki nzima.

Boksi lake la zamani lilikuwa limejaa utando kuanzia sakafu hadi kifuniko, vyumba na vichochoro vya hariri nzito. Ni jike mwenye upana wa sentimita 12, na kasi yake macho hayaifuati. Sumu ya tarantula haijulikani kuua binadamu, lakini walioumwa na huyu husimulia maumivu makali na misuli inayokaza kwa siku kadhaa. Kwa hiyo hashikwi, hachezewi, na hahamishwi na mtu mwenye haraka.

Nilichagua asubuhi, wakati ambapo huwa ametulia. Chumba kilifungwa, taulo likazibwa chini ya mlango, vitu vyote vikaondolewa sakafuni. Katikati niliweka kontena kubwa la plastiki lenye kuta za juu, na ndani yake nikaingiza maboksi yote mawili: la zamani, na jipya likiwa wazi, gome lake limezikwa nusu na mdomo wa shimo nimeshauanza kwa kidole. Mkononi kibano cha sentimita 30 na brashi laini ya rangi. Kando, kopo angavu na kadi ngumu, endapo atatoka nje.

Nilikata utando polepole kwa kibano hadi nikafikia mlango wa chumba chake. Akatoka, akasimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele imeinuliwa juu, chonge wazi, mwili wote wa rangi ya chungwa umetanuka. Nikatoa mkono. Nikasubiri. Mnyama anayeonya ni mnyama anayekupa nafasi, na ukiikubali nafasi hiyo kazi inakuwa nyepesi. Aliposhuka nilimgusa mguu wa nyuma kwa brashi, mguso mmoja tu. Akakimbia, akazunguka kuta za kontena, akapita juu ya boksi jipya, akarudi, akaona giza chini ya gome na kuingia. Nikafunika. Dakika ngapi sikuhesabu, ila chai niliyoiacha jikoni ilikuwa ingali na joto.

Jioni alikuwa ameshaanza kufuma mlango wa nyumba mpya.

Novemba, wiki ya tatu

Mama alipiga simu ya video nami nikamwonyesha chumba. Nilidhani atashtuka. Alimtazama hamorii kimya, kisha akasema, "Buibui si wa kuua mwanangu, ndiye aliyemsitiri Mtume pangoni." Kisa cha pango la Thauri tulisimuliwa madrasa tukiwa wadogo, na kwetu ukikuta utando juu ya dirisha unauondoa kwa ufagio bila kumponda aliyeufuma. Mama akauliza wanakula nini. Nikamwonyesha pipa la mende.

Hao ni mende wa dubia kutoka Amerika Kusini. Hawawezi kupanda plastiki laini, hawaruki, hawana harufu kali, na nyumba ya baridi kama hii hawawezi kuzaliana nje ya pipa lao lenye joto. Wanakula karoti, shayiri na maganda ya tufaha. Nimeanza kuwazalisha mwenyewe kwa sababu mkusanyiko ukifika hapa, gharama ya chakula inazidi gharama ya buibui, na pia kwa sababu najua walichokula. Mdudu wa kuokota bustanini simlishi mtu.

Wakubwa wanapewa mmoja kila baada ya wiki moja au mbili, vitoto mara mbili kwa wiki, na mdudu asizidi ukubwa wa tumbo la mlaji. Pulchra amegoma kula tangu Septemba. Tumbo lake bado ni la mviringo, anakunywa, anatembea usiku, kwa hiyo sina wasiwasi. Wafugaji wa Grammostola wanajua mgomo wa miezi. Daftarini nimeandika tarehe na neno "amekataa", mstari juu ya mstari.

Novemba, mwisho wa mwezi

Hamorii mkubwa amejivua gamba. Alikuwa amefuma kitanda cha hariri, akalala chali. Anayeona mara ya kwanza hudhani amekufa, na wapo waliowatupa buibui wazima kwa kudhani hivyo. Tarantula anayekufa kwa kawaida hukaa wima na kukunja miguu chini ya mwili. Aliyelala chali anazaliwa upya. Nilizima taa nikabaki na tochi nyekundu. Ngozi ya mgongo ilipasuka kwenye kingo, ikainuka, na miguu minane ikaanza kuchomoka kidogo kidogo kama inayovutwa kutoka ndani. Ilichukua saa kadhaa.

Alipomaliza chonge zilikuwa nyeupe. Siku zilizofuata zikawa nyekundu, na sasa zimekuwa nyeusi. Hadi ziwe nyeusi hapewi chakula, wala mende hai haachwi humo, kwa maana mwili ni laini na mdudu mdogo anaweza kumng'ata akamuua.

Gamba nililichukua, nikalilainisha kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, nikalitandaza na kulitazama kwa lenzi. Ndani ya ngozi ya tumbo, kati ya jozi ya kwanza ya mapafu, jike ana kifuko cha kuhifadhia mbegu za dume. Kipo. Ni jike, imethibitishwa, na lebo yake imebadilishwa leo. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika hapa, kwa kuwa dume angeishi sehemu ndogo tu ya miaka yake.

Desemba, wiki ya kwanza

Nimekwenda kwenye maonyesho ya wafugaji, mikono mitupu kwa makusudi, na nimerudi hivyohivyo. Nilikwenda kuuliza.

Boksi la mwisho la mradi huu ni la Pelinobius muticus. Ni buibui wa Kenya na Tanzania, wa rangi ya kutu, miguu ya nyuma minene ajabu, upana unaofika sentimita 20. Mwanasayansi Karsch alimwandika 1885; kwa miaka mingi vitabu viliwaita jamaa hawa Citharischius crawshayi hadi ilipobainika ni mnyama yuleyule. Huishi kwenye mashimo marefu ya kwenda chini, hukua polepole sana, na kwa sababu hiyo wafanyabiashara wengi waliona ni rahisi kumchimbua mkubwa porini kuliko kumlea mdogo. Jike aliyechimbuliwa huenda alikaa shimo hilohilo miaka mingi. Ukimtoa yeye, umetoa na mayai yote ambayo angetaga.

Mwaka huu tuliona jambo hili kwa wadudu wengine. Mwezi Mei mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza vijana wawili wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni 1 za Kenya kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kukutwa na chungu wavunaji, takriban 5,000, ndani ya mirija ya maabara yenye pamba. Wapo walioshangaa kwamba chungu ana thamani ya kesi. Mimi nilishukuru. Sheria ilitamka kwamba mnyama mdogo naye ni mali ya ardhi aliyotoka. Tarantula wa Meksiko wenye magoti ya chungwa walipata ulinzi wa biashara ya kimataifa tangu 1985, Poecilotheria wa India na Sri Lanka tangu 2019. Wa kwetu hawajafika kwenye orodha hizo, kwa hiyo ulinzi wao wa kwanza huku Ulaya ni mnunuzi anayeuliza.

Basi niliuliza meza kwa meza. Amezaliwa wapi? Kifuko cha mayai kilifunguliwa lini? Mama yake unaye? Muuzaji mmoja mwenye majike watatu wakubwa kwenye vikopo finyu alibadilisha mazungumzo. Mwingine, mama wa makamo, alifungua daftari lake mwenyewe: picha ya jike na dume, tarehe ya kujamiiana, tarehe ya kifuko, idadi ya vitoto, nani alinunua. Ana vijana wa sentimita tano aliowalea tangu yai. Nimeweka ahadi kwa mmoja.

Desemba, wiki ya tatu

Boksi la Pelinobius limekamilika, na ni kubwa kuliko yote: upana wa 30 kwa 30, urefu wa 50, udongo wa kina cha sentimita 35. Lina uzito wa kilo zaidi ya 30, kwa hiyo limekaa sakafuni juu ya ubao wenye magurudumu, kona ya ndani ambako hita inafika. Udongo niliushindilia kwa ngumi tabaka kwa tabaka, mchanganyiko wenye udongo mwingi na makumbi machache, ili shimo lisiporomoke. Bomba jembamba la plastiki linashuka kwenye kona hadi chini. Maji nitayamimina humo, tabaka la chini lipate unyevu na la juu libaki kavu, jinsi ardhi ya kwao inavyokuwa kiangazi. Mzee wa jirani ametengeneza kifuniko cha akriliki chenye bawaba mbili. Akaniuliza mnyama mwenyewe ataonekana lini. Nikamwambia huenda mara chache, usiku, miguu miwili mlangoni mwa shimo. Akasema inatosha.

Lebo nimeiandika tayari: jina la kisayansi; asili yake, Kenya na Tanzania; alikozaliwa, Uingereza. Mstari wa asili na wa mahali pa kuzaliwa iko sasa kwenye lebo ya kila mmoja chumbani, murinus akiwemo.

Mfugaji hatumi wanyama kwa posta wakati wa baridi kali, nami sitaki atume. Nitamfuata kwa gari mwezi Januari. Wiki ya vipimo vya boksi tupu imeanza leo. Yaliyobaki kabla ya safari: sumaku ya pili ya kifuniko upande wa kushoto, kuongeza tarehe ya kifuko cha mayai kwenye lebo, na kushusha kipimajoto cha waya ndani ya bomba hadi sentimita 30 chini, kwa sababu joto la juu nalijua na la kule atakakoishi bado sijalipima.